Mshale Ulioshuka

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpelekea bibi yake maji ya kunawa uso. Ya pili ilikuwa kukagua injini ya gari la shangazi. Aliipenda zaidi hiyo ya pili, maana ilimfanya ajione mtu mzima ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Jina la Chiriku alipewa na bibi kwa sababu ya mdomo wake. Tangu alipoanza kusema, hakuwahi kunyamaza.

Shangazi alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa pale pale uani. Gari lake mwenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko Chiriku. Ili mtu akae nyuma, kiti cha mbele kilikunjwa kwanza, akapita akijibana. Madirisha ya nyuma hayakufunguka.

"Haya, injini hii ina nini?" shangazi alizoea kumwuliza.

"Silinda tatu, plagi tatu, ujazo wa lita moja. Oili lita tatu, maji lita nne!"

"Ikitetemeka kama mwenye homa?"

"Plagi moja haichomi. Silinda tatu ni kama mafiga matatu, moja likilegea chungu hakikai."

"Moshi wa buluu?"

"Inakula oili."

"Moshi mweupe usiokwisha?"

"Imechemka mpaka gasketi ikaungua, maji yanaingia ndani. Hapo tumekwisha!"

Shangazi alikuwa na amri moja tu asiyoifanyia mzaha: mtu asipande kwenye injini. Chiriku alikuwa mfupi, kwa hiyo alipewa kigoda cha kusimamia.

Alhamisi ile nyumba nzima iliamka mapema. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limezibika kabisa, na la kulia lilikuwa likifuata. Daktari wa macho alikuja hospitali kuu mara moja tu kila baada ya miezi mitatu, na jina la bibi lilikuwa kwenye orodha. Alitakiwa kufika kabla ya saa nne.

Chiriku alifungua boneti. Kigoda kilikuwa jikoni, upande wa pili wa ua, naye aliona uvivu kukifuata. Akapanda kwenye bampa, akaegemeza goti juu ya rejeta, pale panapokaa maji ya kupozea injini, akanyoosha mkono kuuchomoa mfuniko. Maji yalikuwa yamejaa. Alipojisukuma ili ashuke, alisikia sauti ndogo chini ya goti: ka!

Aliinama akatazama. Pale mpira mnene wa maji unapovikwa kwenye shingo ya plastiki ya rejeta, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Tone moja lilitoka. Akalifuta kwa kitambaa, akasubiri. Tone la pili halikuja.

"Chiriku! Maji yamejaa?" shangazi aliita kutoka ndani.

"Yamejaa, shangazi."

"Kila kitu sawa?"

Angesema ufa, angeulizwa umetoka wapi. "Kila kitu sawa," alijibu, akashusha boneti.

Saa mbili waliondoka. Bibi alikaa mbele. Chiriku alijibana nyuma kati ya begi la nguo na blanketi, kapu likiwa mapajani na chupa ya chai miguuni. Shangazi alirudisha kiti cha mbele, akafunga mlango.

Kwa nusu saa ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha wakafika kwenye mlima mrefu ambako mafundi wa barabara walikuwa wamefunga upande mmoja. Magari yalipanga foleni, pua kwa mkia. Upande huu ukuta, upande ule lori. Walisogea hatua tatu, wakasimama. Jua lilipiga paa, na hewa ya nyuma ikawa nzito kama ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Chiriku alichungulia katikati ya viti. Mshale wa joto, ambao siku zote hukaa katikati, ulikuwa umepanda. Baadaye kidogo ulipanda tena.

"Mama, naona gari linataka kuchemka," shangazi alisema.

"Hulisimamishi?" bibi aliuliza.

"Hapa nasimama wapi? Hata hivyo maji yapo, mtoto ameyaangalia. Feni itafanya kazi yake."

*Mtoto ameyaangalia.* Maneno yale yalimbana Chiriku kuliko begi na kapu. Harufu tamutamu ya dawa inayochanganywa na maji ya rejeta ilimfikia puani.

"Mke mwenzangu," bibi alimtania, "leo umemeza nini? Nimezoea kusafiri na redio."

"Hakuna kitu, bibi." Sasa alikuwa na uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Wakati huo mshale ulianza kushuka. Ulishuka haraka, ukapita katikati, ukaendelea kushuka. Shangazi akacheka. "Si mnaona? Imepoa."

Lakini Chiriku alikumbuka gari la mwalimu mmoja lililoletwa gereji likiwa limevutwa kwa kamba. Mwalimu aliapa kwamba mshale wake ulikuwa chini. Shangazi alimweleza Chiriku siku ile: kipimo cha joto kimechovywa ndani ya maji. Maji yakiisha, hakina cha kupima. Mshale unashuka, dereva anafurahi, na injini inaungua kimya kimya.

Shangazi aliyajua hayo kuliko yeye. Ila shangazi aliamini kwamba maji yapo, kwa sababu Chiriku alisema yapo. Ndani ya gari lile, mtu mmoja tu alijua ukweli.

Foleni ilianza kusogea, na mbele kidogo ukuta ukaisha. Shangazi akaingiza gia.

"Shangazi, zima gari!" Sauti ilimtoka kwa kishindo hata bibi akashtuka. "Maji yamekwisha! Nilipanda juu ya rejeta, nikapasua shingo yake. Nilikudanganya. Zima!"

Shangazi hakuuliza swali. Alikata usukani, akaingia kwenye nafasi mbele ya karakana ya seremala, akazima. Mvuke mweupe ulifuka pembeni mwa boneti. Madereva wa nyuma walipiga honi. Shangazi alishuka bila kumtazama Chiriku, akafungua boneti, akasimama mbali.

Chiriku alibaki nyuma. Kiti cha mbele hakikukunjwa, naye hakuthubutu kuomba.

"Sasa je, shangazi yako amekuwa kipofu kama mimi?" bibi alisema taratibu. "Mbona hamwagi maji baridi?"

"Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinapasuka, bibi. Na mfuniko haufunguliwi. Mvuke utamwunguza uso. Lazima tungoje." Machozi yalimshuka. "Bibi, tutachelewa. Ni mimi."

"Ni wewe, ndiyo," bibi alisema. Hakumbembeleza. Alipapasa nyuma, akaukuta mkono wa Chiriku, akaushika. Wakakaa hivyo dakika arobaini, wote wawili wamefungwa ndani ya joto.

Hatimaye kiti kilikunjwa. "Toka," shangazi alisema. "Kaombe maji kwa seremala. Umweleze ni ya nini."

Seremala alitoa ndoo mbili bila kinyongo. Shangazi alilegeza kibano cha mpira, akausukuma mpira ndani zaidi hadi ukapita ule ufa, akakaza kibano upande wa pili wake. Chiriku alimimina maji polepole, akihesabu lita: moja, mbili, tatu. Kumbe ndani ilikuwa imebaki lita moja tu ya maji ya zamani.

"Nenda kasimame nyuma utazame moshi," shangazi aliamuru, akawasha.

Chiriku aliinama kwenye bomba la moshi. Injini ilikohoa, ikashika. Moshi kidogo ulitoka, ukatoweka. Alingoja ule mweupe usiokwisha. Haukuja. Silinda zote tatu ziliimba sawasawa.

"Hakuna moshi, shangazi!"

"Ungenyamaza mpaka kileleni, ungeuona," shangazi alijibu.

Walifika hospitali saa tano kasoro dakika kumi. Muuguzi alikuwa amekwisha kufunga daftari. "Tuliwaita mara mbili," alisema. "Rudini baada ya miezi mitatu."

Shangazi alifungua kinywa, lakini Chiriku alimtangulia. "Shikamoo, nesi. Bibi hana kosa. Mimi niliharibu rejeta, nikaficha, gari likachemka njiani. Tafadhali, nipe adhabu mimi. Jicho lake lingine nalo linazibika."

Muuguzi alimtazama mtoto yule mwenye masizi mikononi na usoni, kisha akamtazama bibi. "Wengi wakichelewa husingizia foleni," alisema. Akafungua daftari. "Ataingia wa mwisho. Mtakaa sana."

Walikaa mpaka saa tisa alasiri, bibi alipoingizwa kupasuliwa jicho la kushoto. Hapo, kwenye benchi, ndipo shangazi alipozungumza.

"Ile shingo ni ya plastiki, tena imezeeka. Ungeniambia asubuhi, ningeifunga kwa robo saa, nikakugombeza, tukanywa chai."

"Niliogopa, shangazi."

"Najua. Hata mimi niliwahi kuogopa. Lakini nisikilize. Fundi hawezi kuona ndani ya injini. Anaenda kwa vipimo, na kwa neno la mwenzake. Leo kipimo kilinidanganya kwa sababu maji yalikwisha, na wewe ulinidanganya kwa sababu ya woga. Nikabaki sina macho. Kosa likisemwa, tunalitengeneza. Likifichwa, linasafiri pamoja nasi, na hujui litamshukia nani. Ukiharibu, sema. Ukichelewa kusema, sema hivyo hivyo. Leo ulichelewa, lakini ulisema, na ndiyo maana tuna injini na bibi yuko mle ndani."

Asubuhi iliyofuata, muuguzi alifungua bandeji ya jicho lile. Bibi alipepesa jicho, likatoa machozi, akalifuta. Alimtazama Chiriku kwa muda mrefu, akamshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kovu hili la nini? Mbona silijui?"

Chiriku alitazama sakafu, kisha akainua uso. "Mwaka jana, bibi. Nilikuambia nilijikwaa. Nilikuwa juu ya ukuta wa jirani, naiba mapera."

Shangazi aliangua kicheko. Bibi alisogea pembeni kitandani, akapiga godoro kwa kiganja.

"Kaa hapa," alisema. "Anza mwanzo, na usiruke kitu."