Chupa ya Maji ya Bibi Yustina

Mwezi wa tatu pale Kwihara ni mwezi wa moshi. Kila mkulima wa tumbaku ana bani lake la kukaushia, na kila bani lina moto wake. Pelagia na mumewe Anton walikuwa na bani moja la tofali nyuma ya nyumba. Ndani yake majani ya kilimo cha mwaka mzima yalining'inia kwenye vijiti, safu juu ya safu.

Tumbaku ina adabu zake. Mwanzoni moto huwa mdogo, mpaka majani yageuke manjano. Kisha moto huongezwa kidogo ili majani yakauke. Mwisho huongezwa tena ili na vikonyo vikauke. Mwenye haraka akijaza kuni siku ya kwanza, majani hukauka yakiwa bado na rangi ya kijani, na hapo kazi ya mwaka imekwenda na maji. Pelagia alilijua hilo tangu utotoni. Aliweza kugusa ukuta wa bani kwa kiganja akakwambia moto umefika wapi. Majirani walimtania kwamba anayajua majani yake kuliko anavyowajua wanawe.

Siku ya pili ya moto, mama yake aliugua. Bibi Yustina alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alikuwa na ugonjwa wa presha, na alikuwa akiishi kwa binti yake. Siku hiyo aliamka akiharisha na kutapika. Kufika saa sita mchana hakuweza kusimama, na macho yake yalikuwa yamezama. Anton akaita bajaji. Pelagia akabeba kanga mbili na chupa ya uji, akampeleka mama yake hospitali mjini Tabora. Anton alibaki, maana moto wa bani hauachwi peke yake.

Walipokewa vizuri. Daktari alimpima bibi, akasema mwili wake umepungukiwa maji mengi, na moyo wake una uchovu wa siku nyingi. Akalazwa wodi ya wanawake.

Wodi ile ilikuwa na wagonjwa thelathini na wawili. Zamu ya asubuhi ilikuwa ya nesi mmoja, Apolinaria, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na miguu isiyotulia. Huku anaitwa achome sindano, kule anaitwa ashike mgonjwa anayetapika. Alikwenda mbio mbio kama mtu anayefukuza kuku shambani.

Karibu na mlango alikaa binti mmoja aliyevaa hijabu, kitambulisho shingoni na kishikwambi mapajani. Jina lake Najiat. Alitoka chuo kikuu, na kutwa nzima alikuwa akitazama na kuandika. Ndugu waliokuja kuuguza wagonjwa walimwogopa. Siwema wa Igunga, aliyekuwa akimuuguza mdogo wake kitanda cha jirani, alimnong'oneza Pelagia kwamba yule ametumwa kuwatafutia manesi makosa ili wafukuzwe.

Najiat alipofika kwao alisalimia, "Shikamoo mama," akaeleza kazi yake. Alikuwa anafanya utafiti. Alitaka kujua wauguzi ni wangapi, kazi ni kiasi gani, na mambo gani huweza kumdhuru mgonjwa hapo hapo hospitalini, ili yazuiwe. Hakuandika jina la mtu. Alimuuliza Pelagia kama kuna jambo lililomtia wasiwasi.

Pelagia akajibu kwamba wanashukuru, wanahudumiwa vizuri. Hilo ndilo jibu alilompa kila mtu mwenye kitambulisho shingoni.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nesi wa usiku alimtundikia bibi dripu mpya. Daktari alikuwa ameandika chupa mbili za maji, moja baada ya nyingine, kila moja iende kwa muda wa saa nane. Nesi alisema tu, "Hii inakwenda polepole, mama," akakimbilia kitanda kingine. Hakupata nafasi ya kusema kwa nini.

Saa mbili simu ya Pelagia ikalia. Ni Anton. Alikuwa hajalala siku mbili. Alisema amesinzia kidogo tu, akazinduka moto umeshuka. Alimuuliza Pelagia atarudi lini. Pelagia akayatazama maji yale. Tone moja, kisha kimya, kisha tone jingine. Kwa mwendo ule hata chupa ya kwanza ingefika mchana, na ya pili ingemalizika usiku. Hangeweza kumwacha mama yake kabla dripu haijaisha, na tumbaku yote ilikuwa bado ndani ya bani.

Siwema alimwona anavyotazama. Akamwonyesha kigurudumu kidogo kwenye mrija.

"Mimi ya mdogo wangu niliifungua jana," alisema. "Imekwisha kwa muda wa saa moja hivi. Si unamwona anakula?"

Pelagia akatazama huku na huku. Nesi Apolinaria alikuwa mwisho wa wodi. Akakizungusha kigurudumu, na matone yakawa mchirizi. Alijiambia kwamba maji ni maji tu, na mama yake si alikuwa amepungukiwa maji?

Jamani, mwanamke huyu asingemruhusu hata mume wake kutupa gogo moja la ziada motoni siku ya kwanza. Lakini haraka ikimwingia mtu, humsahaulisha hata anachokijua.

Saa tatu na nusu chupa ilikuwa tupu. Bibi Yustina alianza kukohoa kidogo kidogo. Akaomba aketishwe, akisema akilala kifua kinambana. Pelagia akamwegemeza kwenye mto. Alitaka kuamini kwamba ni uji umempalia.

Ndipo Apolinaria alipofika, chupa ya pili mkononi. Si yeye aliyeitundika ile ya kwanza. Aliiona tupu, akasoma kwenye faili kwamba ya pili inafuata, na mgonjwa wa upande wa pili alikuwa tayari anamwita. Akaitundika chupa kwenye ndoano, akashika mrija.

"Anaendeleaje bibi?" aliuliza.

Pelagia akawaza. Akisema, atakaripiwa mbele ya wodi nzima. Watu watasema ndiye binti aliyetaka kumuua mamaye kwa ajili ya tumbaku. Na yule mwenye kishikwambi alikuwa hapo hapo, anaandika. Ilikuwa rahisi sana kusema hajambo, na neno lenyewe lilishafika mdomoni.

Bibi Yustina akakohoa tena. Mara hii kikohozi kilikuwa na maji ndani yake, na mkono wake ulikuwa unatafuta kitu cha kushika.

"Sista, usifungue," Pelagia alisema. "Ile ya kwanza niliifungulia mimi. Imekwisha kwa saa moja na nusu."

Apolinaria hakumkaripia. Aliubana mrija, akamtazama bibi usoni, akaweka kifaa chake cha kusikilizia mgongoni mwake. Akainua kichwa cha kitanda, akatuma mtu amwite daktari mbio. Daktari alikuja, akasikiliza, akauliza maji yameingia kiasi gani na kwa muda gani. Pelagia akajibu yote, bila kupunguza. Bibi akawekewa oksijeni na kuchomwa sindano ya kumfanya akojoe maji yaliyozidi.

Pelagia alitoka nje ya wodi akalia. Aliomba Mungu amwachie mama yake, na kama ni tumbaku, aichukue yote.

Baada ya saa moja Apolinaria alimfuata. Alikuwa anatabasamu kidogo.

"Njoo umwone. Anapumua vizuri, na ameanza kulalamika kwamba uji umepoa."

Pelagia alicheka na kulia kwa pamoja. Akaketi kwenye benchi kujifuta machozi. Apolinaria naye akaketi, pengine kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alimuuliza nyumbani wanalima nini. Pelagia akasema tumbaku.

"Mimi ni mtoto wa Sikonge, nimekulia kwenye mabani," alisema nesi. "Siku ya kwanza mnajaza kuni?"

Pelagia akajifunika uso kwa kanga.

Apolinaria akamweleza polepole. Moyo ndio unaosukuma maji yote yanayoingia mwilini. Moyo wa bibi umechoka kwa presha ya miaka mingi. Maji yakija taratibu, unayamudu. Yakija kwa mkupuo, unashindwa, na maji hujaa kwenye mapafu. Mwenye moyo wa kijana huenda asidhurike, lakini hata yeye ni bahati tu. Tena zipo dripu zilizotiwa dawa, na dawa hizo zikiingia haraka zinaweza kuusimamisha moyo kabisa. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa asiguse kigurudumu. Akiona maji yanakwenda mbio, au yamesimama, au mgonjwa anakohoa, aite nesi. Na kama ameshagusa, aseme upesi.

"Ungenyamaza, ningempa na ya pili," alisema Apolinaria. "Na mimi nimejifunza. Chupa ya kwenda kwa muda wa saa nane kuisha saa tatu na nusu asubuhi, ilinipasa kuuliza kabla ya kuitundika nyingine."

Pelagia alikuwa bado na hofu moja. Alimwendea Najiat, akamsihi asiandike vibaya juu ya nesi yule, kwa maana kosa ni lake.

"Mama, sitafuti wa kumfukuza," Najiat alimjibu. "Ninaandika kwamba wagonjwa ni thelathini na wawili na nesi ni mmoja. Ninaandika kwamba chupa haikuwa na alama ya saa, na ndugu hakuelezwa sababu. Tukimlaumu mtu mmoja, kesho mwingine atakifungua kigurudumu kile kile na atanyamaza."

Siwema alikuwa amesimama nyuma yao muda wote huo. Alisogea mbele, akiwa ameinamisha macho.

"Basi niandike na mimi," alisema.

Kufika jioni watu saba katika wodi ile walikuwa wamekiri kwamba waliwahi kuifungulia dripu ya mgonjwa wao. Mmoja alifanya hivyo ili awahi basi. Mwingine alidhani nesi amesahau. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hakuna aliyewahi kuulizwa.

Najiat aliwapelekea viongozi wa hospitali habari hizo, na wao hawakungoja utafiti umalizike. Siku iliyofuata kila chupa ilibandikwa utepe wa plasta wenye saa zilizoandikwa kwa kalamu: maji yafike hapa saa nne, hapa saa sita. Hata asiyejua kitu angeweza kuona kama yanakwenda mbio au yamechelewa. Nesi wa pili aliongezwa zamu ya asubuhi. Na kila siku, kabla ya daktari kupita, ndugu wa wagonjwa waliitwa kwa dakika tano wakaelezwa la kufanya na la kuacha.

Na tumbaku? Pelagia alimpigia Anton simu, akamwambia yote, akamwambia pia aombe msaada. Anton akamwita jirani yao Ngassa, naye akaja na mkeka wake akashika zamu ya moto. Kumbe ilitosha kuomba.

Siku ya nne bibi Yustina aliruhusiwa. Asubuhi hiyo Apolinaria alimwomba Pelagia azungumze na ndugu wa wagonjwa wapya. Wakakusanyika pale pale, karibu na kitanda cha bibi. Pelagia akasimama. Alikuwa amesahau jambo moja, kwamba mama yake, aliyekuwa akihangaika na pumzi siku ile, hakusikia kitu wala hakuwahi kuambiwa. Alitamani kukaa, lakini watu walikuwa wanangoja. Akasimulia yote, tangu simu ya Anton hadi chupa ya pili iliyotundikwa kwenye ndoano.

Alipomaliza hakuthubutu kugeuka. Bibi Yustina alikuwa ameketi kitandani, kanga zake zimeshafungwa tayari.

"Kumbe ni wewe," alisema bibi.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Bibi alimtazama mwanawe. Kisha akanyoosha mkono ili ashikwe, ainuke.

"Aliyefungua ni wewe, na aliyesema ni wewe," alisema. "Haya, nishike twende nyumbani."