Baada ya Udi, Hakuna Kikao

Nilitumwa kiyoyozi.

Kiyoyozi tu, kisanduku kimoja kilichokwama Bandari ya Jeddah. Na mwaka ule kukitoa kitu bandarini ilikuwa kazi ya mashujaa. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, dunia nzima inaleta mizigo kwa Msaudi, meli zimejipanga nje mpaka taa zake usiku ukadhani kuna mji mwengine juu ya maji. Saruji iligandia mifukoni ikingoja kushushwa. Mabwana wenye tai walikaa wiki nzima kwenye mabenchi ya forodha wakipepea makaratasi. Mimi, Ussi, mtoto wa Malindi ya Unguja, skuli niliishia darasa la tano, nilikitoa kiyoyozi kwa alasiri moja. Kwa ulimi tu. Mtu wa rika langu aliyekuwa Jeddah akikwambia si kweli, ujue ananionea kijicho.

Basi narudi nacho, jua linazama, naimba peke yangu garini.

Katikati ya njia kasimama mtu.

Nilipiga honi. Hakusogea. Nikamtambua: Bakhiti, mvuvi, mwenyeji wa pale pwani. Nyuma yake ndipo ulipoanzia ukuta wa bosi wangu.

Ukuta ule lazima nikueleze, maana ndio uliozaa yote. Bosi wangu alikuwa Mzungu, mhandisi, jina lake Kesla. Tajiri mmoja wa Riyadh alinunua ufukwe mzima bila hata kuuona, akampangisha Kesla nyumba. Kesla akataka ufukwe uwe wake peke yake. Akajenga ukuta mrefu mpaka ndani ya maji. Wavuvi waliozaliwa pale wakawa wanaiona bahari yao kwa mwanya wa lango. Kulikuwa na Wazungu wengine hukohuko pwani waliokaa na watu vizuri, wanakula nao samaki mkekani. Huyu wangu, hapana. Sisi Waswahili tulikuwa katikati kama nyama ya sambusa: wenyeji walituita wageni kwa kuwa tunatembea na ikama, kile kibali cha ukaazi, na Kesla alituhesabu wenyeji kwa kuwa tunasali nao.

Ndani ya eneo la ule ukuta kilikuwapo chumba cha bibi mmoja mjane, Ummu Masoud, shangazi yake Bakhiti. Mwanawe alizama baharini akipiga mbizi. Tangu hapo kila Magharibi bibi yule hufukiza udi kwenye kizingiti kilichoelekea maji. Alikuwa na kikohozi chake, kidogo, kikavu. Khu. Khu. Ukikisikia unajua udi unakuja.

Kesla akaleta tingatinga kukibomoa chumba.

Bibi hakupiga kelele. Aliomba kimoja tu, chetezo chake cha udongo chenye miguu mitatu. Kesla akakichukua, akakigeuzageuza, kikampendeza. Akakiweka juu ya meza yake ya sebuleni, akazimia sigara humo humo. Mbele yake.

Ummu Masoud akakohoa. Khu. Akanitazama mimi, niliyekuwa mkalimani, akasema polepole: "Mwambie, basi nitakuja kukitumia hapohapo kilipo."

Nikamfasiria. Kesla akacheka.

Bibi alikufa kwa nduguye kabla rangi ya ukuta haijakauka.

Sasa turudi njiani. Nilishuka garini, nikamsalimia Bakhiti, nikamwambia anipishe, kiyoyozi hiki kinangojwa. Hakukijali kiyoyozi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nyumba ile inanukia udi siku hizi. Nikamwambia ni kweli, kila Magharibi, udi wa daraja ya juu. Na Kesla anaupenda. Alimuuliza dada yangu Samia, aliyekuwa mtumishi wa ndani, maana yake nini. Samia akamjibu kama tulivyolelewa sisi Unguja: "Kwetu, bosi, udi ni makaribisho." Basi Mzungu akafurahi, anasema nyumba imemkubali. Kila jioni anakaa sebuleni kuungoja. Na Samia naye, unamjua mwanamke wa Kiunguja na udi, hutandaza kanga yake juu ya moshi ikanukia.

"Anauwasha nani?" akauliza Bakhiti.

Nikafungua mdomo kujibu.

Nikakumbuka. Samia alinambia bosi ndiye anayewasha. Na bosi aliwahi kunisifia, garini, jinsi Samia anavyowasha.

Jeddah ile, joto la kukaanga yai juu ya boneti, mie nasikia baridi.

Bakhiti akanishika bega. Akanambia wao, watu wa Hijazi, hawamfukuzi mgeni kwa mdomo. Mgeni akishakula, akishakunywa kahawa, huzungushiwa udi. Udi ukishampita, huinuka akashukuru akaenda zake. Baada ya udi, hakuna kikao. Shangazi yake alikuwa mtu wa adabu. Alikuwa akiwaaga kila jioni, na wao kila jioni wanakaa.

"Na asiyeinuka?" nikauliza.

"Asiyeinuka si mgeni tena." Akatazama baharini. "Huyo ni wa nyumba. Na wa nyumba hufanya kazi za nyumba. Leo ni arubaini ya shangazi, Ussi. Leo ataona nani kakaa. Usimburute dada yako. Usikimbie. Omba ruhusa kama mgeni, muinuke, msimpe mgongo."

Kiyoyozi nilikiacha palepale njiani.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Taa hazikuwashwa. Kutoka msikiti wa mbali adhana ilikuwa inaishia... kisha kimya. Hata mawimbi sikuyasikia.

Harufu ikanipokea. Udi, mzito, mtamu. Chini ya udi, samaki mkavu. Chini ya samaki, vipande vya sigara vinavyoungua.

Kesla amekaa kwenye kochi, mikono ya shati kaikunja, macho nusu. Samia amekaa sakafuni, kanga mapajani, anatabasamu kama bibi harusi. Dada yangu hakuwahi kukaa mbele ya bosi hata siku moja.

Na chetezo hakikuwa mezani.

Kilikuwa hewani. Usawa wa mkono wa mtu mfupi. Makaa mekundu yanapumua, na moshi unakwenda kwa Kesla, unasimama kidogo chini ya kidevu, kisha unasogea...

Khu. Khu.

Nilisema mie ni shujaa. Nasema tena. Shujaa mwengine angekufa palepale. Mie niliingia ndani.

Moshi ukafika kwa Samia.

"Samia," nikanong'ona. "Inuka, tuage."

"Kaa, kaka. Tumekaribishwa."

Sikumburuta. Nilipiga goti ubavuni pake, nikainamisha kichwa pale ambapo pangekuwa na uso wa bibi, nikasema kwa Kiarabu changu cha bandarini: "Mama yetu, umetukirimu. Tumeshiba heshima yako. Turuhusu, mimi na dada yangu, tunakwenda zetu."

Moshi ukasimama. Ukanizunguka shingo, taratibu, kama mtu anayekukagua kabla ya kukuuza.

Kisha ukatuacha.

Samia akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Nikamwinua. Tukaanza kurudi kinyumenyume. Haki ya Mungu, Kesla simpendi, lakini nilimwita. Nikamwambia bosi, inuka, sema asante, toka nasi, ni hilo tu. Akafungua macho. Akatucheka, kicheko kilekile cha siku ya tingatinga.

"Ussi," akasema, "mimi si mgeni hapa. Hii ni nyumba yangu."

Kikohozi kikakoma.

Chetezo kikashuka, polepole, kikatulia juu ya viganja vyake viwili. Makaa yakiwa mekundu. Nilisikia ngozi ikilia. Yeye akawa anakitazama tu, mdomo wazi, sauti haitoki. Na vidole vikajifunga vyenyewe.

Mlango ulijifunga sisi tukiwa nje.

Sitakudanganya kwamba najua kilichofuata. Kampuni yake ilivunja mlango, ikakuta nyumba tupu, viatu vipo, pasipoti ipo. Wakasema kazama akiogelea, na ukuta ukabomolewa ili maboti yapite kuutafuta mwili. Wavuvi wakapata njia yao. Bakhiti alinambia, usoni karidhika kama mtu aliyepata haki yake mahakamani, kwamba Magharibi wakipita pale humuona mtu mrefu, mikono ya shati imekunjwa, anafukiza pale palipokuwa na kizingiti kilichoelekea maji. Mbele yake kuna anayekohoa, anamwonyesha pa kufukiza.

Niliona raha. Sikufichi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tukahamia Riyadh, mie na Samia, mbali na bahari. Nikapata lori kwenye maghala ya Al-Sulay, tukapanga vyumba viwili nyuma ya karakana. Kule unyevu haupo, hata samaki huja amegandishwa. Nikasema yameisha.

Magharibi moja tumekaa tunakunywa chai. Ikaja harufu. Udi... samaki mkavu... sigara.

Samia akaikunja ile kanga yake ya Jeddah. Alikuwa bado anayo. Mwanamke hatupi kanga nzuri. Nikamwonyesha kwa jicho: tuinuke. Tukashukuru, tukaelekea mlangoni, kinyumenyume kama siku ile.

Hakukuwa na kikohozi safari hii. Zilikuwa nyayo nzito, za mtu mrefu, peku. Zikasimama karibu na kiti cha Samia kilichobaki kitupu. Ikatoka sauti, imekauka, inaomba, ya mtu aliyechoka anayetafuta wa kumpokea kazi.

"Samia... Kaa kidogo."

Na dada yangu, aliyefundishwa miaka miwili kuitika mara moja akiitwa na sauti ile, akafungua mdomo.

Kanga tuliichoma usiku uleule. Harufu haikukoma, wala ile sauti kumwita.

Sasa mie nina mvi, Samia ana wajukuu, na watu hunicheka kwamba kila jua likizama niko kwake, sina kwangu. Waache wacheke. Hawajui kwa nini, ikifika Magharibi, nasimama nyuma ya dada yangu na mkono wangu umemziba mdomo.