Aliruka Akaniacha na Trela Kwenye Mteremko wa Kaptama

Tonny alifungua mlango wa dereva akaruka.

Hakusema "shuka". Hakusema "shikilia". Hata jina langu hakuliita...

Nilibaki peke yangu ndani ya Land Cruiser, kiti cha abiria, mkanda umenibana kifua, na gari inarudi nyuma YENYEWE!

Nyuma ya gari kulikuwa na trela ya kulala. Nyuma ya trela kulikuwa na bonde.

"Tonny!"



"TONNYYY!"

Mvua ilikuwa imegeuza ile barabara ya udongo kuwa sabuni. Nilivuta breki ya mkono mpaka mkono ukaniuma. Magurudumu yakakaza, lakini gari bado inateleza tu, inavutwa na ule mzigo mweupe nyuma. Kwenye kioo niliona gurudumu moja la trela limeshatoka barabarani. Linazunguka hewani.

Jamani, msiulize nilipata wapi akili. Mwili ulifanya kazi, mimi nilikuwa nalia.

Nilifungua mkanda, nikarukia kiti cha dereva, goti likagonga gia. Injini bado ilikuwa inanguruma. Nikaweka gia nzito, nikakata usukani wote upande wa mlima, nikaachia breki na kukanyaga mafuta polepole kama baba alivyonifundisha akiwa hai, kwa gari hiyohiyo.

Ikakoroma. Ikapanda kidogo. Gurudumu la mbele likaangukia kwenye mtaro... likanasa.

Tukasimama.

Halafu nikasikia nyuma, KRAAAK!

Shingo ya trela, ule mkono wa chuma unaoishika kwenye gari, ilivunjika katikati. Nyumba nzima ikabingirika bondeni. Ilipiga mti wa kwanza, ikapiga wa pili. Milango ikafunguka, magodoro yakaruka, masufuria yakalia njia yote mpaka chini.

Halafu ni mvua tu.

Ngojeni niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Phelista, mtoto wa Lugulu, lakini kazi yangu iko Kitale. Mimi na Tonny tulikuwa na kabiashara ka kupeleka wageni kupiga kambi Mlima Elgon. Mimi naendesha na kupika, yeye anatafuta wageni kwenye mtandao. Na tulikuwa tunaoana. Wazee wa kwao walikuwa waje kwetu Lugulu Jumamosi kuongea mahari. Mama alikuwa ameshakodi viti.

Wageni walikuwa wamechoka kulala kwa hema. Tukaamua tutafute trela ya kulala, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Safari ya kwanza ingekuwa kundi la walimu wastaafu, tuwapitishe mlimani halafu tushuke nao mpaka Turkana. Huko mawe, huko mchanga, huko mito isiyo na daraja.

Mimi nilitaka trela nyepesi, fupi, iliyoinuka juu ya ardhi, yenye tairi sawa na za gari ili spea moja ifae kote.

Tonny alitaka ile nyeupe!

Ilikuwa kwa yadi ya jamaa mmoja anaitwa Kinyua, hapo Kitale. Imetoka ng'ambo ikiwa imetumika. Ndefu kama chumba cha kupanga. Ina friji, ina choo, ina taa za buluu chini ya kitanda...

"Babe, ona hiyo kitchen!"

"Naona. Lakini Tonny, hii imelala chini sana. Itagonga kila jiwe."

"Wewe unawaza mawe. Mgeni anawaza picha."

"Mgeni akikwama Lokichar huko Turkana hatawaza picha."

Alicheka. Akanibusu kwa paji la uso, akaniambia nisiwe na wasiwasi, tutaijaribu kwanza mlimani na mimi mwenyewe nitaona.

Kuna kitu kingine kilikuwa kinanisumbua. Kwa wiki nzima simu yake ilikuwa inalia, anaangalia jina, anatoka nje kuongea.

"Nani huyo?"

"Mtu wa kazi."

"Wa kazi gani unaongea naye nyuma ya choo?"

"Ai, Phelista! Umeanza?"

Nikaiacha hapo. Sikutaka kuwa yule mwanamke wa kumchunguza bwana kila saa.

Ndiyo siku hiyo tukachukua ile trela, Tonny akang'ang'ania usukani, tukapita Kiminini poa kabisa, kwa lami ilikuwa inafuata kama mbuzi mpole. Kamukuywa tukakata kulia kupanda Kaptama. Juu kule tukaacha lami, tukaingia barabara ya mashambani. Mvua ikaanza. Kwenye kona moja kali trela ikaanza kupiga mkia, kushoto, kulia, kushoto, gari ikashindwa kupanda, ikaanza kurudi nyuma...

Mengine mnayajua.

Nilishuka kwa gari. Mama mmoja aliyekuwa anachuma sukuma wiki kwa shamba la juu alikuja mbio, gambuti zimejaa matope. Akanishika mabega, akanigeuza mbele na nyuma kuangalia kama nimeumia.

"Pole, mwanangu! Pole sana! Na yule mwanaume amekimbia ni nani?"

"Ni... ni wangu."

Yule mama alinitazama. Alivua leso yake akanifunika.

Tonny akatokea kwa kona, amelowa.

"Babe! Babe, uko sawa? Nilikuwa natafuta jiwe la kuzuia tairi!"

Niliangalia mikono yake. Mitupu.

Barabara yote ile ilikuwa mawe, jamani. Mawe kila mahali.

Nikampa mgongo.

Alimpigia Kinyua, na baadaye Kinyua akafika na pikapu yake. Alishuka, akachungulia bondeni, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wueh! Tonny, bana! Si nilikwambia hii ni ya lami peke yake? Na hata yule dada yako si alikukataza?"

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Dada gani?" nikauliza.

"Yule Mhindi mrembo alikuja na yeye juzi juzi. Walishinda hapo kwa yadi mchana wote..."

"Kinyua, nyamaza!" Tonny alifoka.

"Mrembo?" nikasema. "Mchana wote?"

Kinyua akafunga mdomo. Lakini nyinyi mnajua mdomo ukishafunguka haurudi nyuma.

"Tonny. Huyo ni nani?"

"Ni story ndefu. Tuongee nyumbani."

"Ndiye anakupigia ukienda nyuma ya choo?"

Akaangalia chini.

Aki mimi niliona dunia inazunguka! Kumbe nimeponea bondeni nije niuliwe na hii? Nilimvuta Kinyua kando, na kwa sababu alikuwa na hofu ya kwake, alinipa kila kitu nilichotaka. Jina, Preeti. Mahali, Bungoma mjini, gereji ya mzee Avtar. Pikapu yake ndiyo iliyonivuta kutoka mtaroni.

Sikulala kwa nyumba yetu. Asubuhi nikawasha Land Cruiser, bampa imepinda, nikashuka Bungoma.

Njia yote nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na matusi ya Kibukusu ambayo nyanya yangu angeyaona aibu.

Gereji nilipata bila shida. Ndani kulikuwa na mzee wa kilemba cha samawati, ameketi na kikombe cha chai, na kwenye sakafu miguu miwili ya ovaroli imetokeza chini ya trela.

"Natafuta Preeti!"

Ile miguu ikasogea. Akatoka mwanamke wa rika langu, nywele amezifunga na kitambaa, grisi mpaka kwa shavu. Na kweli alikuwa mrembo. Hiyo iliniuma zaidi.

"Ni mimi."

"Mimi ni Phelista. Wa Tonny."

Nilingoja ashtuke. Nilingoja adanganye.

Akaangusha spana.

"Uko hai," akasema. "Ee Mungu. Uko hai!"

"Kwani ulitaka nife?!"

"Papa! Papa, ndiye huyu!" Alimgeukia yule mzee, macho yamejaa machozi. "Ndiye huyu mke!"

Mzee Avtar aliinuka polepole akanivutia kiti.

"Kaa, beti, binti yangu. Kaa kwanza. Chai iko."

"Sijakuja chai! Nimekuja kujua wewe na mwanaume wangu mnafanya nini!"

Preeti alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Halafu akaelewa.

"Hapana. Hapana, dada. Mimi nimesomea mambo ya mitambo, hapa tunajenga trela. Bwana yako alikuja kuniomba nikamkagulie ile nyeupe ya Kitale. Nilienda, nikaingia chini yake. Shingo ilikuwa na ufa. Mtu ameichomelea juu juu, akapaka rangi. Nilimshika Tonny mkono, nikapitisha kidole chake kwa ule ufa ili ausikie mwenyewe."

Nikasikia tena lile KRAAAK.

"Nikamwambia, kwa lami inaweza kukaa mwaka. Kwa mlima itakatika, na ikikatika vibaya itaenda na gari. Nilimwambia mbele ya Kinyua."

"Akasema nini?"

Preeti akaokota spana yake.

"Akasema... ati wewe unajua. Ati umeambiwa kila kitu na umekubali, kwa sababu wewe ndiye umeipenda. Ati umemsumbua mpaka hana namna."

"Mimi?!"

"Ndiyo nikawa nampigia. Kila siku. Nilimwomba namba yako nikueleze mwenyewe. Akakataa. Jana ndiyo akaacha kushika simu kabisa."

Jamani...

Nilienda Bungoma kutafuta mpango wa kando. Nikakuta mwanamke pekee aliyekuwa anapigania maisha yangu, na hata hajawahi kuniona!

Nilikaa kwa kile kiti. Nikanywa ile chai. Preeti alichuchumaa mbele yangu na mikono yake ya grisi, akangoja nimalize kulia.

Kisha nikamuuliza, "Hiyo uliyokuwa chini yake ni ya nani?"

"Haijapata mtu."

Ilikuwa mbaya, niseme ukweli. Rangi ya udongo, fupi, kama sanduku la askari. Jiko linavutwa kutoka nyuma, hema linakunjuka juu. Hakuna choo. Hakuna taa za buluu.

"Utaenda nayo wapi?" Preeti aliniuliza. "Na mtabeba nini? Maji kiasi gani?"

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo tangu tuanze kutafuta! Nilimwambia kila kitu. Yeye akanionyesha shingo ya chuma nene isiyo na kiraka, na kiungo kinachozunguka, ili trela ikilala upande isipindue gari. Akanionyesha breki yake yenyewe. Nikalala chini kwa sakafu, kwa nguo zangu za kanisani, nikaangalia kila mahali alipochomelea. Nilipitisha kidole polepole, na mahali sikuelewa niliuliza tena.

Niliposimama nilikuwa nimechagua.

Jioni nilirudi Kitale. Tonny alikuwa amekaa kwa ngazi.

"Nimetoka kwa Preeti," nikasema.

Alifunika uso.

"Kwa nini, Tonny?"

"Nilikuwa nimeshatangaza. Picha nimeweka, watu wamesifu, marafiki zangu wote wameona. Ningeanzaje kurudi kusema nilichagua kitu kimeoza? Na wewe ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Tena ukasema mimi ndiye niliyeitaka?"

"Nilitaka aache kunipigia..."

Nilikaa ngazi ya chini yake. Kulikuwa na swali moja lililobaki, na nilikuwa naogopa jibu kuliko nilivyoogopa lile bonde.

"Ulipofungua mlango. Ulinifikiria?"

Mbwa wa jirani alibweka akachoka.

"Usinidanganye, Tonny. Leo tu."

"Hapana," akasema. "Sikukufikiria."

Nilimwambia asante, na nilimaanisha. Nilimpigia mama hapohapo, yeye akiwa ananisikia.

"Mama, Jumamosi hakuna wageni."

"Ati nini? Phelista, ng'ombe ameshanunuliwa!"

"Basi mle, mama. Waite majirani. Nitakuja na mimi nile."

Mama alianza kupiga kelele, halafu akasikia ninavyopumua, akaacha.

"Kuja nyumbani, mtoto," akasema.

Mambo ya ile trela iliyovunjika, niliwaachia Tonny na Kinyua wenyewe. Mimi niliwapigia wale walimu wastaafu nikawaambia ukweli wote, na kwamba trela mpya haina choo ndani. Mwenyekiti wao, mama mmoja mkali wa hesabu, aliuliza kitu kimoja tu: "Breki iko?" Nikamwambia iko. "Basi tunakuja."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nilidhani jambo baya zaidi mwanaume anaweza kukuficha ni mwanamke mwingine. Si kweli. Kuna anayejua kabisa unapanda kitu kitakachokuua, na anakufungulia mlango ili upande, kwa sababu anaona aibu kuonekana alikosea.

Mtu akiruka kwa woga, hiyo mwili hufanya wenyewe, na ningemsamehe. Lakini kabla ya siku ile alikuwa na wiki nzima ya kunionya, tunakula sahani moja, na kila siku alichagua kunyamaza.

Kwa hivyo kama kuna safari unapangiwa, iwe ya gari, ya ndoa, ya kazi, uliza aliyekagua alisema nini. Na usiambiwe tu. Tafuta aliyekagua, umsikie kwa masikio yako.

Mimi leo niko Kapenguria, naweka mafuta. Walimu wanagombana nani alale juu. Preeti yuko kiti cha abiria, ameomba aje aone kazi yake ikipigwa na mawe.

Yeye amefunga mkanda. Na mimi nimeshika usukani.