Nguzo Zilizolia Bila Umeme

Okinyi alipofungua kifuniko cha nguzo ya kwanza, pale chini kwenye vigae, alikuta waya wa umeme umekatwa. Haukukatika siku hiyo. Ncha zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na buibui alikuwa amejenga humo ndani kisha akahama, akaacha utando mkavu. Akafungua nguzo ya pili. Nayo vivyo hivyo.

"Hizi vitu zilikufa kitambo," alimwambia Veronicah, mlinzi wa mlangoni. "Mlikuwa mnashika wezi na nini?"

Veronicah hakucheka. "Zimelia leo asubuhi, fundi. Hulia kila siku."

Duka lenyewe lilikuwa la nguo, hapo Hurlingham kwenye barabara ya Argwings Kodhek. Lilijengwa na mzee Kiragu, na baada ya kumzika, binti yake Nyakio alitaka kila kitu kiwe kipya, kuanzia taa hadi zile nguzo mbili za mlangoni zinazopiga kelele mtu akitoka na nguo ambayo haijatolewa kifungo cha plastiki pale kaunta. Okinyi aliitwa azing'oe za zamani, nzito za alumini, aweke za kisasa, nyembamba na angavu kama kioo. Alishazibadilisha katika maduka mengi ya Nairobi, na hakuwahi kukuta za kulia bila umeme. Akajiambia kwamba mama wa watu amechoka kwa kusimama mchana kutwa.

Alipomaliza, Nyakio alishuka ngazi akasimama mbali, nyuma ya nguo za watoto.

"Umezitoa zote?"

"Zote, madam. Niziweke wapi?"

"Enda nazo. Ni zako. Sitaki kuziona hata kwa pipa."

Okinyi alifurahi, maana alumini ilikuwa nzuri na alikuwa akiwaza kutengeneza kibanda cha kuku. Alipokuwa akizifunga nyuma ya pikipiki, Veronicah alimfuata hadi maegeshoni. "Fundi, tupa hizo vitu njiani," alinong'ona. "Usifike nazo kwako." Kabla hajaulizwa sababu, Nyakio alimwita Veronicah kwa jina, naye akarudi ndani mbio.

Okinyi hakuzitupa. Alifika nazo Mutuini, kwenye nyumba aliyopanga kando ya shamba la majani ya ng'ombe, nyumba ya mlango mmoja na madirisha yenye vyuma. Akazisimamisha pande mbili za mlango, aje azikate akipata nafasi.

"Baba Awuor," mkewe Peres alisema akicheka, "sasa tumekuwa supamaketi?"

Binti yao Awuor, aliyekuwa ndio tu ameanza darasa la kwanza, aliupenda mchezo huo. Jioni nzima alipita katikati ya nguzo akiwa na karai kichwani, akiingia na kutoka, akijifanya mama aliyetoka kununua vitu. Zilinyamaza kimya.

Asubuhi, Peres aliamka akauliza nani anapiga pasi. Mlangoni palikuwa na harufu ya nguo mpya, ile ya rangi na karatasi, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua. Hakuna aliyekuwa akipiga pasi. Awuor alibeba mkoba wa shule, akabusu mkono wa mamake kama kawaida yake, akatoka mbio.

Nguzo zikalia.

Hazikulia kwa nguvu. Ilikuwa sauti nyembamba kama ya mbu aliye karibu sana na sikio. Awuor alianguka palepale kizingitini, kichwa kikirudi nyuma kana kwamba amevutwa kola. Midomo ikawa ya kijivu. Peres alimburuta ndani akipiga mayowe, na mara tu miguu yake ilipovuka kizingiti kurudi, mtoto akavuta pumzi, akaketi, akaomba chai.

Walidhani ni malaria. Okinyi akampigia simu Were, mwendeshaji boda wa jirani, ampeleke mtoto hospitali. Were alipofika, Okinyi alimbeba Awuor begani, akamfunika shuka, akatoka akiwa ameshika shingo yake ndogo kwa kiganja, na alipoufikisha mguu wake kizingitini akahisi mtoto anakuwa mzito, mzito kuliko gunia, mzito kana kwamba ndani ya nyumba kuna mtu aliyemkumbatia kutoka upande wa pili na hana nia ya kumwachilia, na chini ya kidole chake, hapo kisogoni, palikuwa na kitu kigumu cha mviringo ndani ya ngozi, ambacho hakikuwepo jana alipomwogesha, kitu ambacho vidole vyake vya fundi vilikijua kabla akili yake haijakubali kukijua, kwa sababu alikuwa amevishika vifungo vya namna hiyo maisha yake yote ya kazi.

"Mrudishe!" Were alipiga kelele kutoka kwenye pikipiki. "Mrudishe ndani, hapumui!"

Okinyi akamrudisha. Kisha akatoka na nyundo, akazipiga zile nguzo mpaka zikawa vipande, akavitupa mbali shambani. Alirudi akihema, akamshika Awuor mkono, wakasogea mlangoni polepole. Sauti ikalia kutoka kwenye hewa tupu kati ya miimo ya mlango.

Mchungaji alikuja na akina mama wa kanisa. Waliomba hadi sauti zikawakauka, na kila walipopandisha wimbo, ile sauti ya mbu nayo ilipanda pamoja nao, ikishika wimbo vizuri kabisa. Wote walitoka salama. Mlango haukuwa na haja nao. Jua lilipokuwa likizama, Awuor alikaa chini akiwa ameshika mifuko ya sweta yake ya shule kwa mikono miwili.

"Baba, mwambie aache kunikagua."

"Nani?"

"Huyu wa mlango. Anauliza risiti yangu iko wapi."

Kesho yake Okinyi alimngoja Veronicah nje ya duka, na alipomwona uso, mama yule akajua. Walisimama kando ya ukuta.

"Wezi walikuwa wanammaliza mzee Kiragu," Veronicah alisema kwa sauti ya chini. "Akasafiri. Sijui wapi. Akarudi, akakata umeme na mkono wake mwenyewe, akatuambia tangu leo mlango una mwenyewe. Ni jini, fundi. Ile mtu inashika huwa yake. Tuliwashika wengi, tukawapeleka chumba cha nyuma tungoje polisi. Polisi wakikuja, hakuna mtu."

"Na Nyakio anajua?"

"Unadhani alikupa hizo vyuma kwa nini?"

Okinyi alipanda ngazi. Nyakio hakujifanya hamwelewi, wala hakumkaribisha kiti. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Nani alikulazimisha? Ulichukua mwenyewe," alisema. "Mimi pia niko na watoto."

Veronicah ndiye aliyemwelekeza kwa Mama Mastura, mganga wa majini kule Makina, Kibera. Alikuwa mwanamke mnene wa Kinubi, mwenye ushungi mweupe. Alikuja hadi Mutuini akaketi kizingitini, nusu yake ndani, nusu nje. Akachoma ubani. Akaweka sikio kwenye mwimo wa mlango, akasikiliza muda mrefu huku midomo ikimcheza, na mara mbili akatikisa kichwa kama mtu anayebishana na mkaidi. Alipoinuka, jasho lilikuwa limelowesha ushungi wote.

"Ni bawabu," alisema. "Aliwekwa azuie, na hajui kazi nyingine. Siwezi kumuua. Naweza kumfanyia mapatano. Mmoja wenu, mtu mzima, abaki ndani ya nyumba hii badala ya mtoto. Kwa hiari yake. Asitoke tena mpaka siku yake ya kufa."

"Nitabaki mimi," Peres alisema papo hapo. Hakumtazama hata mumewe.

Okinyi alisafisha koo. "Hakuna njia nyingine, mama?"

"Ipo. Singetaka uniulize."

"Nakuuliza."

Mama Mastura alijifuta jasho. "Anafuata mkono uliomleta. Ukimjengea mlango mwingine kwa mkono huo na kumwita, ataenda. Na ukiuvunja mlango huo, atarudi hapa. Lakini huko pia kuna watoto wa watu, baba."

"Hapana," Peres alisema. "Hatufanyi hivyo."

Okinyi aliomba apewe siku moja ya kufikiri, na hakuna aliyemkatalia. Hakufikiri sana. Alikuwa na kazi nyingine Kileleshwa, kwenye duka la vyakula chini ya ghorofa za kupangisha, nguzo mpya zikiwa tayari kwenye maboksi. Njiani alijiambia kwamba dukani hupita mamia ya watu, kwamba huenda jini litashika wezi tu, kwamba mwizi amejitakia. Alitoboa vigae, akazika nyaya, akakaza skrubu. Alipomaliza alipiga magoti kati ya nguzo kama anayekagua kazi, akanong'ona, "Njoo. Huu ndio mlango wako."

Kitu kikampita begani. Kilinukia nguo mpya.

Simu ikalia. Alikuwa Peres, analia na kucheka pamoja. "Ametoka! Baba Awuor, mtoto ametoka mwenyewe, yuko nje anafukuza kuku wa landilodi! Mungu ametenda!" Okinyi aliketi juu ya sanduku lake la vifaa, akafunika uso. Hakumwambia alikuwa wapi.

Jumapili walitoa shukrani kanisani. Wiki iliyofuata, mchana, simu ikaingia kutoka kwa Tobias, meneja wa lile duka la Kileleshwa. "Fundi, kuja haraka. Kuna maneno hapa."

Alipofika, watu walikuwa wamejaa karibu na kaunta, wengine wameinua simu wanapiga picha. Katikati yao, sakafuni, alikaa mwanamke kijana mwenye aproni, viatu vimemtoka, pakiti ya maziwa imepasuka pajani mwake.

"Anaitwa Njambi, anafanya kazi kwa hizi nyumba za juu," Tobias alisema. "Kila akifika mlangoni mashine inalia, halafu anajiangusha. Tumemsachi hatujapata kitu. Musili, mlinzi wetu hapa, anasema ni mwizi mjanja, mimi nasema pengine ni mashine. Wewe ndiye unajua. Ukisema imeharibika, nazing'oa saa hii, aende."

Njambi aliinua uso. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kubishana.

"Wewe ndiye fundi? Haya, waambie. Nimelipa, risiti ndiyo hiyo. Nimemwacha mtoto wa bosi wangu Janice amelala, na maharagwe iko kwa moto. Nilisema nakuja dakika mbili tu. Simu ya Janice haishiki. Waambie imeharibika niende." Kisha akashusha sauti, amsikie yeye peke yake. "Kuna mtu ananivuta. Kuna kitu hapa nyuma, kigumu. Shika usikie."

Akamgeuzia kisogo. Okinyi hakunyoosha mkono. Alisikia ile harufu ya nywele zilizoungua, akamwona Awuor akikimbia nyuma ya kuku, akawaona watu wote wakimngoja.

"Mashine iko sawa," alisema.

Njambi alimkodolea macho. "Hata hujaiangalia."

Musili alimshika mkono kumpeleka chumba cha nyuma. Hapo ndipo alipoanza kupiga kelele, akitaja nambari ya nyumba, C saba, C saba, mtoto, jamani, C saba, na watu wakacheka wakisema huyo ni mchezaji filamu. Okinyi alibeba sanduku lake akapita kati ya nguzo. Zilinyamaza.

Barabarani aliinua macho. Kwenye dirisha moja la ghorofa ya tatu, moshi ulikuwa unatoka.

Alitupa sanduku akakimbia. Alimpita mlinzi wa geti akimwita amfuate, wakapanda ngazi, wakauvunja mlango wa C saba kwa mabega yao. Maharagwe yalikuwa yamekuwa jivu ndani ya sufuria na pazia la jikoni linawaka. Okinyi aliingia kwenye moshi kwa magoti, akipapasa, mpaka akamkuta mtoto chumbani anakohoa kitandani, akamtoa nje akiwa hai, kifuani mwake, nyusi zake mwenyewe zikiwa zimeungua.

Janice alifika kwa teksi, kiatu kimoja mkononi. Alimnyakua mtoto, akamkagua vidole, masikio, kila mahali, kisha akamwangukia Okinyi shingoni akilia.

"Mungu akubariki. Mungu akubariki sana, baba. Na huyo Njambi? Ameniachia mtoto kwa moto akaenda wapi? Nilimwamini huyo msichana kama dadangu. Mwambieni asiwahi kurudi hapa!"

Kule chini dukani, kwa sauti nyembamba kama ya mbu, mlango ulilia mara moja, ukanyamaza.

"Hatarudi," Okinyi akamwambia.