Goti la Ngongoti

Asubuhi ile Fundi aliamka kabla ya mke wake, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo. Alifagia uani mwenyewe. Aliokota vipande vya nondo, akasogeza mageti yaliyokuwa yanasubiri rangi, akanyunyiza maji kwenye sakafu ya saruji ili vumbi litulie. Mke wake alipotoka nje huku anapiga miayo, alimkuta juu ya ngazi, anafuta ringi ya kikapu kwa kitambaa.

"Baba Ngongoti, leo tuna wageni?"

"Mwanangu amerudi," alisema Fundi, na akaendelea kufuta.

Kweli, alikuwa amerudi. Binti yao wa pekee, ambaye mtaa mzima unamwita Ngongoti kwa urefu wa miguu yake, aliingia jana yake jioni na begi kubwa mgongoni. Alikuwa amemaliza msimu wake wa kwanza wa kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa. Kulipwa, jamani. Mtoto aliyeanza kurusha mpira hapo hapo uani, kwenye ringi ambayo baba yake aliichomelea kwa nondo zilizobaki kwenye madirisha ya watu, sasa alikuwa anakula kwa mpira huo huo.

Ligi ilikuwa imefungwa. Wachezaji walipewa miezi mitatu ya kukaa nyumbani, kisha warudi kambini. Lakini timu ilikuwa imesajili mabinti wapya wenye kasi, na nafasi hazikuongezeka. Kocha hakupindisha maneno. Atakayerudi goigoi, au atakayerudi anachechemea, nafasi yake itachukuliwa na mwingine.

Hilo Fundi alilisikia vizuri. Kuna jingine ambalo kocha alisema, kwamba wiki za mwanzo ni za kupumzika. Ngongoti alilitaja kwa sauti ndogo wakati wa kula, na Fundi hakulisikia. Masikio ya Fundi yana mambo yake. Mashine ya kusagia chuma imeyachosha, lakini yakitaka kusikia yanasikia.

Ukweli ni kwamba kichwa chake kilikuwa mbali. Kilikuwa kwenye miaka ile Ngongoti alipokuwa wa miaka kumi na mitatu. Asubuhi kulikuwa na ubaridi, majirani wamelala, na uani walikuwa wawili tu. Fundi alimvisha mtoto kizibao cha turubai ambacho mama yake alikishona, chenye vimifuko vya mchanga. Akiruka, mchanga ulilia chwa, chwa. Pale vidole vyake vilipogusa ukuta, Fundi aliweka alama ya chaki. Kila mara alama ilipanda. Wakimaliza walikaa kwenye kizingiti, wakanywa chai kwenye kikombe kimoja, na mtoto akauliza maswali yasiyo na mwisho. Baba, kuna mtu mrefu kuliko mlango? Baba, mende wana magoti? Siku hizo Fundi hakujua kwamba ana furaha. Furaha ina tabia hiyo, inajitambulisha ikishaondoka.

Sasa mtoto alikuwa amerudi, na Fundi akaona asubuhi zile nazo zimerudi.

Alitengeneza kizibao kipya. Alijiambia kwamba mchezaji wa kulipwa hawezi kuvaa mchanga kama mtoto. Akakata vipande vya chuma, akavisugua kingo zisichome, akampa mke wake avishone ndani ya turubai. Mama alishona, lakini alinung'unika tangu mwanzo hadi mwisho. Aliuliza kama hii ni nguo au ni geti, na kama binti yake atavaa au atafungwa kwenye bawaba.

Kazi ikaanza. Alfajiri, Ngongoti alikimbia kupanda mlima huku anavuta tairi kwa kamba. Akirudi, alivaa kizibao cha chuma na kuruka juu ya saruji, mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Maji hakupewa mpaka amalize, kwa sababu Fundi aliamini maji yanakata pumzi. Jioni alicheza mechi na vijana wa mtaa. Siku ya kupumzika haikuwepo. Mama alipouliza, Fundi alimjibu kwa methali.

"Samaki mkunje angali mbichi, mama."

Ngongoti alifunga kizibao. Aliruka. Wakimaliza walikaa tena kwenye kizingiti, wakanywa chai, na baba alicheka kama zamani. Nani angekuwa na moyo wa kuharibu hilo?

Mama ndiye aliyeona kwanza. Kuna ngazi fupi za kushukia kwenye karakana. Siku moja alimwona binti yake anazishuka kinyumenyume, ameshika ukuta.

"Huyu mtoto anashuka ngazi kama kaa," alimwambia mume wake. "Goti lina neno."

Fundi alisema ni uchovu tu, uchovu unatibiwa kwa kuuzoea. Mama akamwambia kwamba kama uchovu unatibiwa hivyo, basi yeye aliyechoka na ubishi wake angekuwa amepona siku nyingi.

Siku iliyofuata, Ngongoti aliruka, akatua, na hakunyanyuka. Alikaa juu ya saruji, ameshika goti la kushoto kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anauma mdomo tu, na uso wake ulikuwa na jasho ambalo si la mazoezi. Fundi alimvua kile kizibao haraka. Ndipo alipohisi uzito wake mikononi, kama mara ya kwanza.

Mama hakusubiri. Alikwenda nyumba ya pili kumwita jirani yao, mtaalamu wa viungo wa hospitali. Mtaa unamwita Mama Nyosha, kwa sababu kila anayemkuta barabarani anamwambia anyoshe kitu, mgongo au shingo au mguu. Mama Nyosha alikuja na kandambili zake. Alimlaza Ngongoti kwenye mkeka, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Aliuliza maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, na kama usiku yanamwamsha. Alipobonyeza chini kidogo ya pia ya goti, Ngongoti alishtuka.

"Hapa pana kano," alisema Mama Nyosha. "Ni kama ugwe mgumu, unafunga nyama ya paja kwenye mfupa wa chini. Kila ukiruka, ugwe huu unavutwa. Kila ukitua, unavutwa zaidi. Msimu mzima umevutwa. Ulihitaji kupumzika. Badala yake umeongezewa chuma."

Fundi alijitetea. Alisema yeye na wenzake, enzi zao za kucheza kikapu, walifundishwa hivyo hivyo, kwa mifuko ya mchanga na bila maji, na waliruka hadi watu wakawapigia makofi.

"Na wewe uliacha kucheza na umri gani?" aliuliza Mama Nyosha.

"Ishirini na tatu."

"Kwa nini?"

Fundi aliokota kipande cha nondo, akakiweka tena chini. Miaka yote alisema aliacha kwa sababu kazi ya kuchomelea ilimbana. Mke wake alimwangalia mguu wa kulia, ule anaounyosha mbele kila akikaa. Si kila kitu kinahitaji kusemwa na mke.

"Kamba hukatikia pabovu," aliendelea Mama Nyosha, sasa kwa upole. "Yako ilikatikia hapo, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Ya huyu haijakatika, imechakaa tu. Tukiwahi, itapona."

"Lakini samaki mkunje angali mbichi," alisema Fundi, ingawa sauti ilikuwa imepungua.

"Angali mbichi, ndiyo. Huyu amecheza mechi msimu mzima na watu wazima, Fundi. Si mbichi tena. Ukimkunja unamvunja."

Fundi alimgeukia binti yake. Alimuuliza, bila ukali, kwa nini hakusema.

Ngongoti aliangalia vidole vyake. "Nilikuwa nazipenda zile asubuhi, baba. Nilidhani nikikataa mazoezi, asubuhi nazo hazitakuwepo."

Fundi aliingia karakana. Walimsikia anahamisha vyuma ambavyo havikuhitaji kuhamishwa. Alielewa kwamba wiki zote hizo alikuwa anamfundisha mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye hayupo tena, na aliyeumia ni huyu mkubwa. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi la chuma. Akakaa kwenye mkeka.

"Haya, jirani," alisema. "Nifundishe."

Mama Nyosha alieleza polepole, na Fundi akarudia kila neno ili asisahau.

Msimu ukiisha, mwili umechoka hata kama mchezaji hajisikii. Wiki mbili au tatu za kwanza ni za kuupumzisha. Kupumzika si kulala kitandani kutwa. Mchezaji atembee, aendeshe baiskeli taratibu, aogelee kama pana bwawa. Asiruke na asikimbizane.

Baada ya hapo anajenga nguvu, ya mapaja, ya makalio, ya tumbo na mgongo, maana goti peke yake halibebi mtu. Anaanza na uzito mdogo na kuongeza kidogo kidogo. Kati ya siku ngumu mbili anaweka siku nyepesi. Kuruka kunakuja mwishoni, mara chache kwanza, sehemu laini kama nyasi, na bila uzito.

"Tutajuaje kama tumezidisha?" aliuliza Fundi.

"Goti lenyewe litakuambia asubuhi. Likiuma kidogo wakati wa mazoezi na kesho yake likatulia, endeleeni. Likiamka na maumivu zaidi ya jana, punguzeni. Likivimba au likikataa kukunjika, msijifanye madaktari, mleteni hospitali."

Kuhusu maji, Mama Nyosha alitikisa kichwa mpaka kilemba kikalegea. Maji yanywewe kabla ya mazoezi, katikati na baada yake. Asiyekunywa anachoka mapema, na kwenye jua kali anaweza kuzirai. Chakula kiwe cha kushiba chenye mayai, maharage, maziwa, mboga na matunda. Na usingizi wa kutosha, kwa sababu mwili unajijenga mtu akiwa amelala. Hapo Mama alimtazama mumewe, mwamshaji wa watu alfajiri, na mumewe akaangalia paa.

"Basi mimi sina kazi tena," alisema Fundi.

"Unayo kubwa. Mikono yake haijaumia. Mkalishe kwenye kiti, mpe mpira, arushe. Akiwa amekaa hawezi kutumia miguu, kwa hiyo mkono na kiwiko vitanyooka. Atahitaji mtu wa kumwokotea mipira."

Weee, ungemwona Fundi. Mtu wa mageti mazito, anakimbiakimbia uani kuokota mipira kama kuku anayefukuza panzi, na binti amekaa kwenye kiti cha jikoni anarusha. Mwanzo ilikosa, ikagonga mageti, mtaa mzima ukasikia. Ngongoti alimtania baba yake kwamba mwokotaji ni mzito. Baba akamjibu kwamba mrushaji ndiye mvivu, angefunga asingemtuma. Siku zilivyosogea, mageti yakanyamaza. Mpira ulikuwa unapita katikati ya ringi.

Wiki za kupumzika zilipokwisha, Ngongoti alianza kuegemea ukuta, magoti yamekunjwa kama amekaa kwenye kiti kisichokuwepo, na kubaki hivyo mpaka mapaja yatetemeke. Kisha alichuchumaa na kuinuka polepole. Fundi alimtengenezea chuma kirefu cha kubebea uzito, na visahani vidogo vya kuongeza kimoja kimoja, kila kimoja akikipima kwenye mizani ya duka la jirani. Mama Nyosha alipita jioni akitoka kazini, akakagua, akarekebisha. Siku moja alimwamuru Fundi naye aegemee ukuta. Alikataa, kisha akaegemea. Kwa siku kadhaa alitembea kama bata, lakini alifika mahali akainuka kwenye kiti bila kushika meza, na hakumwambia mtu. Mama aliona, akacheka peke yake jikoni.

Kuruka kulirudi mwezi wa mwisho, kwenye nyasi za uwanja wa shule.

"Tua kimya," alisema Mama Nyosha. "Nikikusikia, umetua vibaya. Paka akiruka kutoka juu ya kabati, unamsikia?"

Ngongoti alikunja magoti, akaruka, akatua. Hawakusikia kitu. Asubuhi iliyofuata alishuka ngazi za karakana akiangalia mbele, hatua kwa hatua kama watu wote, na Mama alijifanya anachambua maharage ili asionekane anafuta macho.

Alirudi kambini. Nyumba ikawa kubwa ghafla, na Fundi alifagia uani hata palipokuwa safi. Kisha simu ikaja. Ngongoti alisema wamepimwa mbio, nguvu na kuruka, na wenzake wawili walirudi na maumivu kwa sababu walicheza mapumziko yote. Nafasi yake imebaki yake. Alisema pia kwamba anarusha vizuri kuliko msimu uliopita, na kocha amemuuliza siri, naye akashindwa kueleza habari ya kiti cha jikoni bila kucheka.

Mechi ya kwanza, Fundi na mke wake walisafiri kwenda kuiangalia. Ngongoti alicheza hadi ukumbi ukasimama. Katikati ya mchezo, mambo yakiwa matamu, kocha alimtoa na kumkalisha benchi. Mtu aliyekaa karibu na Fundi alikasirika sana. Alisema huyo kocha hana akili, mchezaji wa moto unamtoaje, hawa wa siku hizi wamezoea kubembelezwa, zamani watu walicheza mpaka wanaanguka.

"Ni kweli, walianguka," alisema Fundi. "Mimi nilikuwa mmoja wao."

Yule mtu akamgeukia. Fundi akasogea ili wakae vizuri, akamwonyesha binti aliyekaa kule chini na chupa ya maji mkononi, miguu mirefu imenyooshwa mbele.

"Unamwona yule? Pale yupo kazini," alisema. "Ngoja nikueleze habari ya kano."

Na Mama, ambaye alijua habari hiyo itachukua muda, akafungua kifuko cha karanga.