Uzio wa Florent

Florent ni mubahili, tena mubahili bila haya. Jioni ile nilikuwa ninamupelekea Ketsia, mutoto wa marehemu dada yangu Carmel, ndagala kidogo, vile visamaki vya kukausha, sababu najua Florent, baba yake, anakula samaki mukubwa peke yake. Nikafika kwake, nikasimama.

Amezungusha uzio. Si mbao, si matofali. Ni matawi mazito ya kijani, yenye pembe na miiba, bado yanadondosha utomvu mweupe kama maziwa.

Nikayajua palepale. Njo ule muti wa kaburi la nyanya yetu, mukubwa kupita nyumba. Carmel amelala chini yake. Kwetu, muntu akizikwa, tunakata tawi moja, tunalipanda kichwani pake. Pahali pengine halipandwi kamwe.

"Shemeji, umekata muti wa makaburi?"

Jicho lake moja lilikuwa limefungwa kitambaa. Maziwa ya muti yalimurukia. Akacheka.

"Mbao ni bei kali, Mama Bibiane. Muti njo muti."

Mujinga! Jicho linaoza, yeye anajisifu.

Giza likaingia. Harufu ikapanda, kali, ya kitu kilichochacha... Ketsia akanishika kitenge.

"Mama mudogo," akanong'ona, "sema polepole. Mama anasikia."

"Mama gani?"

Akaonyesha tawi la karibu na njia.

Likatikisika. Upepo hakuna.

Moyo ukanipasuka, lakini sikumuonyesha yule mupumbavu. Nikamuambia naondoka na mutoto.

"Chukua," akajibu. "Chakula kitabaki."

Baba muzima huyo! Nikatema mate chini, tukaenda. Tangu lini mimi Bibiane ninaogopa muti? Nyumbani nikafunga mulango kwa komeo, nikamulaza Ketsia ubavuni pangu.

Asubuhi, upande wake wa kitanda ulikuwa baridi. Komeo wazi.

Alikuwa inje, amechuchumaa, anamwagilia maji tawi lililosimama mbele ya mulango wangu.

"Alitufuata," akasema. "Ana kiu."

Nikalishika, nikavuta kwa nguvu zote. Wapi! Lilikuwa limekwisha kushika mizizi...

Nikamupigia Florent simu.

"Ah, kumbe ni wewe umeiba!" akasema. "Unirudishie tawi langu."

Nikamutukana, nikakata. Kisha nikaangalia chini. Kutoka kwenye tawi, udongo ulikuwa umechimbuliwa na kurudishwa vizuri, urefu wa mutoto, kama kaburi lenye tawi kichwani.

Nikamunyakua Ketsia, nikamukumbatia. Mikono yake ilikuwa na udongo mupaka viwikoni.