Apolena na Ngazi Tatu Zisizo na Nyumba

"Nani alisema wasichana hawapigi krakra?"

Apolena aliuliza hivyo Ijumaa Kuu, mbele ya kikanisa.

Radim alitazama viatu vyake. Wavulana wengine wanne walitazama viatu vya Radim. Mzee Cyril, mtunza ufunguo wa kikanisa, alijikuna kidevu.

Apolena ana miaka sita. Anakaa Vrbina, kijiji kidogo cha Ucheki, mpakani kabisa. Ukirusha kofia ng'ambo ya kijito, kofia imeshafika Ujerumani.

Vrbina kuna kikanisa chenye kengele moja. Kuna bwawa la bata. Kuna daraja, na juu ya daraja kuna mtakatifu wa mawe asiye na pua.

Kila adhuhuri kengele inalia. Ndii! Ndii! Ndii!

Lakini Ijumaa Kuu kengele inanyamaza. Wakubwa wanasema imeruka kwenda Roma, itarudi Pasaka.

Sasa nani atawaambia watu kwamba ni adhuhuri? Watoto! Watoto wanazunguka kijiji na krakra.

Krakra ni chombo cha mbao chenye mpini. Ukiizungusha inalia KRRRA! KRRRA! Bata wote wanakimbia.

Apolena anayo krakra. Aliitengeneza na mama yake. Walipinda misumari miwili. Waligonga kidole cha mama mara moja.

"Wewe huendi," alisema Radim. "Ni wavulana tu. Tangu zamani."

"Zamani gani?"

"Zamani za zamani!"

Jamani! Radim ana miaka kumi. Zamani yake yote inaenea ndani ya soksi moja.

"Kawapigie bata!" alisema Radim. Wavulana wakacheka. Eti hilo nalo ni jibu!

Wakaondoka. KRRRA! KRRRA! Wakapiga kikanisani, wakapewa keki. Wakapiga darajani, wakapewa keki. Wakapiga bwawani, wakapewa keki mbili.

Kilimani hawakwenda. "Kule juu hakuna kitu," alisema Radim, mdomo umejaa.

Hakuna kitu? Hebu tuone.

Kule juu kuna jiwe jeupe la mpaka, lenye namba. Kuna miti minne ya matofaa isiyo na mwenyewe. Na kuna ngazi tatu za mawe.

Ngazi ya kwanza. Ngazi ya pili. Ngazi ya tatu. Halafu hewa! Nyumba haipo.

Kuna mengi sana. Kinachokosekana ni keki.

Apolena akapanda kilima. Puu, puu, puu! Hivyo ndivyo miguu inavyotembea ikiwa na hasira.

"Hawanitaki? Basi, nitapiga wasikopiga wao."

Akasimama kwenye ngazi ya tatu. KRRRA! KRRRA! "Ni adhuhuri!" akaziambia nyasi.

Sauti ikatoka ng'ambo ya kijito. "Nani anapiga mlangoni kwetu?"

Alikuwa bibi mzee mwenye buti za mpira za bluu. Akavuka kijito juu ya ubao, polepole. Jina lake Trude.

"Samahani, Bibi," alisema Apolena. "Mlangoni kwenu wapi? Hapa hakuna mlango."

"Mlango ulikuwa hapo ilipo pua yako," alisema Bibi Trude. "Jiko lilikuwa pale kwenye magugu. Na mimi nilizaliwa karibu na jiko."

Apolena akarudisha pua yake nyuma. Hakutaka kugonga mlango wa watu.

"Nyumba ilikwenda wapi, Bibi?"

"Vita vilikwisha, Ujerumani ikashindwa. Sisi tulikuwa tunasema Kijerumani. Tukaambiwa tuondoke. Tukaondoka na masanduku, mtaa mzima wa juu."

"Hata watoto?"

"Hata watoto. Nilikuwa kama wewe. Baadaye ukaja uzio wa waya hapa, na askari, na mbwa. Nyumba zikabomolewa."

"Na ngazi?"

"Ngazi zilikuwa nzito mno."

Bibi Trude akakaa kwenye ngazi ya kwanza. Akaitazama krakra. Akaigusa mpini.

"Bibi," alisema Apolena. "Wasichana wa kwenu walipiga krakra?"

"Sasa nani angepiga? Wavulana wakubwa walikuwa wamepelekwa vitani! Tulipiga sisi. Mimi, na dada Resi, na dada Lore. Kijiji kizima, mlango kwa mlango."

Tabasamu likaanza mdomoni mwa Apolena. Likatembea mpaka masikioni.

"Bibi, kesho una kazi?"

"Nina kuku wawili na magoti mabovu."

"Njoo nayo."

Jumamosi, adhuhuri. Wavulana walikuwa mbele ya kikanisa.

"Wewe tena?" alisema Radim. "Nimeshasema, wavulana tu! Tangu—"

"Kijana," alisema Bibi Trude. "Hiyo zamani unayoisema, mimi nilikuwemo. Wewe ulikuwa wapi?"

Masikio ya Radim yakawa mekundu kama nyanya.

Bibi Trude akachukua krakra ya Apolena. KRRRA! KRRRA! KRRRAAA! Bata wakakimbia. Wavulana nao nusura wakimbie.

"Ni kweli," alisema Mzee Cyril taratibu. "Mama yangu alinisimulia. Wasichana watatu wa mtaa wa juu."

"Ulijua?" aliuliza Apolena.

"Nilijua."

Alijua! Na jana pia alijua! Akaacha kidevu kimjibie!

"Haya, njoo," alisema Radim kwa sauti ndogo. "Ila utakaa nyuma."

"Sikai nyuma."

Hakukaa nyuma. Alikaa mbele, na Bibi Trude akamshika mkono.

Walipiga kikanisani. Walipiga darajani, wakamwamsha mtakatifu asiye na pua. Walipiga bwawani. Kisha Apolena akageukia kilimani, na wote wakamfuata.

"Kule juu kuna keki?" aliuliza mvulana mmoja.

"Nyamaza," alisema Radim.

Kwenye mti wa kwanza wa matofaa Bibi Trude akasema, "Hapa ni kwa Fischer, fundi viatu." KRRRA!

Kwenye mti wa pili akasema, "Hapa ni kwa Anna Beer. Mbuzi wake alikula kofia ya padri." KRRRA! Wavulana wakacheka, safari hii kwa haki.

Wakafika kwenye ngazi tatu. Bibi Trude akazipanda moja moja, kwa magoti yake mabovu.

Apolena akasubiri. Wavulana wakasubiri. Hata Radim alisubiri.

"Hapa," alisema Bibi Trude, "ni kwetu."

Krakra sita zikalia pamoja. KRRRA! KRRRA! KRRRA! Sauti ikavuka jiwe jeupe, ikavuka kijito, ikafika kwa kuku wawili.

Jioni mama akaosha mikono ya Apolena, ikiwa na malengelenge mawili. Apolena akapanda kitandani. Akamhesabia mama majirani wapya: fundi viatu, mwenye mbuzi, Resi, Lore... Akasinzia kabla ya kumaliza.

Na wewe unayesikiliza, nina ombi moja. Kesho muulize mtu mzima wa kwenu: nani alikaa hapa kabla yetu? Akikwambia jina, tafadhali, lishike.